Laini ya Biashara Iko kwa Jina la Shemeji

SWALI: Shikamoo dada. Niko Morogoro, nauza vitenge na madera kwa simu. Nachukua mzigo Kariakoo, naposti kwenye statasi ya WhatsApp na Instagram, na wateja wangu wengi wako Dodoma na Iringa. Mzigo natuma kwa basi. Juzi mteja kanitumia meseji ya muamala, nikapeleka mzigo stendi, kumbe hela haijaingia na sasa simu hapokei. Halafu kuna kijana ananiambia kuuza mtandaoni bila tovuti ni kubahatisha, anataka laki nne na nusu anitengenezee. Laini ninayotumia imesajiliwa kwa jina la shemeji yangu kwa sababu wakati ule sikuwa na namba ya NIDA, ila haijawahi kunisumbua. Je, nimpe huyo kijana hela?

Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mzigo.

Kijana usimpe, sababu nitakueleza. Lakini kilichonishtua ni hiyo laini uliyoitaja kwa kupita tu. Namba hiyo ndiyo duka lako. Wateja wameihifadhi, WhatsApp umeifungua kwa namba hiyo, na pesa zinaingia humohumo. Simu ikiibiwa kesho pale Msamvu, kuirudisha laini kunataka alama za vidole za aliyeisajili. Tangu laini ambazo hazikusajiliwa kwa vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, mtandao unamtambua mwenye kidole, siyo anayeitumia simu. Shemeji akiwa safarini utamsubiri. Mkikosana ndiyo basi. Na Mungu apishie mbali, akifariki, hela iliyomo inahesabika kuwa ni yake, utaanza kuwaeleza ndugu kwamba ni mtaji wako wa vitenge, na karatasi huna. Najua wanawake wengi wanauza hivyo, kwa laini ya mume, ya kaka, ya mtoto wa dada, na roho inaniuma kila ninaposikia.

Kama sasa NIDA unayo, mwombe shemeji muongozane hadi duka la mtandao wenu, siyo kwa wale wa mwavuli barabarani, laini ihamishiwe kwa jina lako. Ukishamaliza piga *106# uhakikishe namba imekaa kwenye kitambulisho chako. Hapohapo utaona kama kuna namba nyingine usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako. Ukiikuta, ikatae siku hiyohiyo. Shemeji akishindwa kuja, sajili laini mpya, kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp sehemu ya kubadilisha namba. Meseji na magrupu yako hayapotei. Weka na PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili. Na zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji, usimsomee mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mteja aliyekosea namba.

Sasa huyo mteja aliyekutumia meseji ya muamala. Meseji halisi huja kwa jina la huduma, kwa mfano M-PESA, na inajipanga chini ya meseji zako za zamani za jina hilohilo. Ya tapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Angalia pia salio. Tuseme ulikuwa na 38,000, meseji inakwambia umepokea 90,000 na salio jipya ni 412,600. Hesabu imekataa, huna haja ya kusoma zaidi. Ila usiishie kwenye meseji hata ikionekana safi: piga *150*00# kama ni M-Pesa, au *150*60# kama ni Airtel Money, uangalie salio mwenyewe kabla mzigo haujatoka nyumbani. Mteja akikuharakisha kwamba basi linaondoka, mwambie kesho kuna basi lingine. Chukua na Lipa Namba yenye jina la biashara yako, ili anayelipa alione jina hilo kabla ya kuweka namba ya siri. Ile meseji ya utapeli itume kwenda 15040, kisha peleka taarifa polisi ukiwa na namba yake na risiti ya basi.

Tuje kwa kijana. Tovuti siyo kitu kibaya, ila kwako sasa hivi itakaa bila mgeni. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni yenye tovuti, programu ya simu na matangazo kila kona, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Mteja wako wa Iringa yuko WhatsApp, anataka akuulize, umjibu kwa sauti, umrekodie video ya kitambaa. Hamia WhatsApp Business, ni bure, na ina katalogi ya kupanga picha, maelezo na bei. Laki nne na nusu iongeze kwenye mzigo.

Katalogi ndiyo uifanyie kazi kwa moyo. Picha za kitenge zipige karibu na dirisha asubuhi, bila kichujio, maana rangi ikifika tofauti na ya kwenye simu mteja harudi tena. Kunja pindo kidogo ili maandishi ya kiwandani yasomeke. Lowesha kona, ibane kwa kitambaa cheupe, rekodi video fupi: kama hakichuji ataona mwenyewe, na kama kinachuja mwambie. Andika ni yadi ngapi, na kwa madera andika upana wa kifua kwa inchi, siyo "fri saizi" peke yake.

Na bei iandike palepale chini ya picha. Hii ya "bei njoo DM" inanikera mno. Mtu kaweka bando la kubahatisha, kalipenda dera lako usiku watoto wakiwa wamelala, anauliza bei, anajibiwa kesho yake saa sita mchana. Saa hizo ameshanunua kwa mwingine. Weka bei, weka na nauli ya basi mpaka Dodoma na mpaka Iringa, ajue jumla yake kabla hajakuandikia.