Jibu: Rangi ya maganda ya vitunguu haishiki kwenye pamba

Dada, umesema marikani yako, kile kitambaa cha pamba, imetoka na mabaka, na rangi ya maganda ya vitunguu imeisha baada ya kufua mara moja. Shida iko kwenye maandalizi. Pamba, hata ikiwa mpya, ina nta yake na wanga wa kiwandani. Ichemshe saa moja hadi mbili kwa maji mengi yenye magadi na sabuni kidogo. Maji yakigeuka kahawia, yamwage urudie mpaka yabaki safi. Hapo usiharakishe hata kidogo. Kisha iloweke usiku kucha kwenye maji ya maganda ya komamanga yaliyochemshwa, maana pamba haishiki shabu, yaani chumvi ya madini inayoshikisha rangi, kirahisi kama sufu, na maji hayo huisaidia kuishika. Ndipo utie shabu, gramu 15 kwa gramu 100 za kitambaa kikavu. Sufuria ya alumini usitumie, magadi huila.