Kabla ya Kununua Rangi, Tazama Maji Yanapita Wapi

Kuna ujumbe umenikaa moyoni tangu nilipoupokea. Msomaji mmoja, dada ambaye sitamtaja, ananiambia kwamba wenzake wa kazini wakimpa lifti jioni huwaomba wamshushe njia panda, kisha anamalizia kwa miguu, maana hataki waione nyumba yake. Anasema si mbovu. Ni ndogo, ukuta umebabuka, na mbele ni udongo mtupu. Sasa majira yamegeuka, miti inachipua, na anataka kuipendezesha kwa nje kwa kile kidogo alichonacho. Anauliza apake rangi gani.

Najua hayuko peke yake, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine msome. Na ile aibu yake naijua vizuri, nimeishi nayo.

Dada, la rangi liweke kando kwanza. Niambie maji ya paa lako yanaangukia wapi.

Sisi tulipohamia nyumba yetu, tuliichukua kwa sababu ndiyo tuliyoiweza. Ndugu mmoja wa upande wa mume wangu akaja kututembelea. Alisimama langoni, akaitazama nyumba kuanzia juu hadi chini, akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia, "Kumbe ndiyo hii?" Hakuongeza neno. Aliingia, akanywa maji, akaaga. Miaka imepita, na tukikutana kwenye shughuli za familia bado nayasikia yale maneno yake. Sijifanyi nimesahau.

Tukakusanya fedha kwa kujinyima, tukamwita fundi rangi. Chini ya ukuta wa mbele palikuwa na unyevu, tena tulimwonyesha wenyewe, tukamuuliza kama si tatizo. Akatuhakikishia kwamba rangi ya mafuta itauziba. Alipomaliza nyumba iling'aa, nami nikasimama langoni kwa majivuno. Mvua zilipokolea, ukuta ukaanza kufanya malengelenge. Ukilibonyeza moja kwa kidole linapasuka, linatoa maji machafu, na ngozi ya rangi inabaki inaning'inia. Tulimpigia simu yule fundi. Mwanzoni alikuwa anapokea na kuahidi kuja, baadaye hakupokea tena. Lililoniuma zaidi ya fedha ni kwamba tulimuuliza kabla, na alijua.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi mwashi, aliyekuwa akijenga ukuta kwa jirani. Alipita uani siku moja, akachuchumaa penye ule ukuta, akaupitisha kiganja. Akanionyesha kiganja chake: unga mweupe, laini, umejaa kwenye mistari ya mkono. "Mama," akaniambia, "hii ni chumvi. Huu ukuta unakunywa maji kutoka chini. Ukiupaka leo, mwakani utaupaka tena."

Kisha akanionyesha vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Chini ya ukingo wa bati kulikuwa na kijifereji kilichochimbwa na matone, kimenyooka sambamba na ukuta, na kokoto zake zimeoshwa safi. Kila mvua, matone yalipiga pale na kurusha tope ukutani hadi usawa wa goti. Bustani ya maua ya waliotutangulia ilikuwa imerundikwa udongo moja kwa moja kwenye ukuta, ikapanda juu kuliko sakafu ya ndani. Na uwanja wenyewe ulielekea nyumbani, kwa hiyo hata maji yaliyoanguka langoni yalitufuata mlangoni.

Alivyonieleza ni hivi. Tofali na saruji zina vitundu vidogo mno, na maji hupanda humo yakitoka ardhini, yakibeba chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Ukiziba uso kwa rangi nzito ya mafuta, maji hayakomi kupanda. Yanakosa pa kutokea, yanasukuma rangi mpaka inavimba. Tangu siku ile, mtu akiniambia ukuta wake "unakataa rangi," naenda kuangalia chini kabla ya kuangalia ukuta.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kupigia picha, nami sitawachosha nayo. Tuliondoa ule udongo wote ukutani ukabaki chini ya usawa wa sakafu kwa angalau sentimita 15. Tukatengeneza mteremko: kipimo kinachofuatwa na wajenzi wengi ni ardhi kushuka sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Tukafunga mifereji ya paa, na bomba lake tukalielekeza mbali na msingi. Pale palipokuwa na kile kijifereji cha matone tukamwaga kokoto, ili tone likianguka lisirushe tope. Toroli la kuazima, jembe na reki vilitosha kwa sehemu kubwa. Kisha tukaacha ukuta ukauke.

Hapa kwenye kukauka ndipo wengi mnapokosa subira, kwa hiyo nitalisema kwa mkazo. Chumvi isugue ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, halafu ifagie na kuitupa. Usiioshe kwa maji, maana inayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Sugua, subiri, ikitoka tena sugua tena. Plasta uliyoiziba upya iachie kama wiki 4 kabla ya kuigusa na rangi ya kawaida. Na kama rangi ya zamani ni ya miaka mingi, usiikwangue kwa msasa mkavu huku watoto wanacheza hapo. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani tangu 1978, lakini ukuta wa kabla ya hapo bado umeibeba, na zipo nchi ambako imeendelea kuuzwa baada ya mwaka huo. Lowesha kwanza, kwangua taratibu, tandika karatasi ya nailoni chini, na kusanya kila kigamba.

Haya, rangi sasa. Maana najua ndiyo mliyoifuata.

Kama ukuta wako haujawahi kupakwa rangi ya maji wala ya mafuta, chokaa ni rafiki wa mwenye kipato kidogo, na mimi nayapenda matokeo yake kuliko makopo mengi ya bei. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unapata njia ya kutoka. Lowesha ukuta kwanza. Koroga chokaa iwe nyepesi kama maziwa, upake mikono mitatu au zaidi, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Ukiwa unapaka utadhani hujapaka kitu, kwa kuwa ikiwa mbichi inaonyesha ukuta wa chini. Usiogope ukaongeza uzito. Ikikauka inaweka weupe wake yenyewe. Ila vaa miwani na glovu, chokaa inaunguza macho na ngozi. Juu ya rangi ya zamani haishiki vizuri, hapo tumia rangi ya maji ya nje. Lita moja ya rangi ya maji huenea kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, na ukuta wenye mikwaruzo hula zaidi. Pima kabla hujaenda dukani.

Paka kuanzia juu ukishuka. Kimbia jua kali: ukuta ukiwa wa moto rangi inakauka kabla haijashika, inaacha alama za brashi. Mashariki paka alasiri, magharibi paka asubuhi. Rangi mbili tu zinatosha, ya mwanga juu na ya giza chini, kwenye ule usawa wa goti unaopata madoa. Nyumba ndogo ikipewa rangi nne inazidi kuonekana ndogo. Lango na madirisha ya chuma piga brashi ya waya mpaka kutu ibanduke, upake rangi ya kuzuia kutu, kisha ya mwisho. Na tia mafuta kwenye bawaba. Lango linalolia linamwambia mgeni habari mbaya kabla hajaingia.

Ukuta wetu ule sasa umepita misimu ya mvua bila lengelenge hata moja. Nautaja kwa fahari, na sitaomba radhi kwa hilo.

Bustani nayo ilianza na kitawi. Jirani alikuwa anapunguza bogenvilia yake, nikaomba matawi aliyokuwa akiyatupa. Nilichagua yaliyokomaa, ya unene wa penseli, nikayachomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, penye kivuli chepesi, nikayaweka na unyevu bila kuyazamisha. Si yote yaliyoshika. Yaliyoshika ndiyo leo yamefunika ua wetu wa mbele, na watu wanasimama kuuliza nimeinunua wapi. Sikununua.

Bogenvilia inataka jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Ukiibembeleza kwa maji mengi na mbolea kali inajaa majani na kukunyima maua. Huchanua kwenye matawi machanga, kwa hiyo ikimaliza kuchanua ikate, itatoa mengine. Zile rangi zake kwa kweli si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Mmea huu una asili ya Amerika ya Kusini, na umepewa jina la Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyeondoka kwao mwaka 1766 kuizunguka dunia. Mtaalamu wa mimea kwenye safari hiyo, Philibert Commerson, alisafiri na msaidizi aliyevaa kiume, kumbe ni mwanamke, Jeanne Baret, ambaye anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Kila nikikata matawi namkumbuka yule mama: kabeba mizigo na kuchuma mimea kote huko, na ua likapewa jina la nahodha.

Kwenye kupanda nitakuwa mfupi. Shimo liwe pana mara mbili ya mzizi, lakini lisiwe refu kuliko mzizi wenyewe. Changanya samadi iliyooza vizuri au mboji. Tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 5 hadi 8, ila yasiguse shina, yataliozesha. Nyasi ukizikata usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Oleanda ni nzuri kwa macho, lakini mmea wote ni sumu, kuanzia jani hadi ua, kwa hiyo mwenye watoto wadogo au mifugo aiache huko huko. Na usirudie kosa la wale waliojenga bustani ukutani kwetu. Maua yakae mbali na ukuta, ili unapoyamwagilia usiunyweshe ukuta. Narudi palepale: maji kwanza.

Sasa niseme lililo moyoni. Tumezoea kuona picha za nyumba kubwa kwenye simu mpaka tumeanza kuzionea haya zetu. Mtu anakopa ili apake ukuta wa mbele, wa nyuma unaoza. Ananunua vyungu vya bei, huku kipande cha bati kilichovunjika bado kimelala uani tangu mwaka juzi. Dada zangu, kaka zangu, ondoeni takataka kwanza. Fagia. Toa chuma chakavu, ndoo zilizopasuka, matairi. Hiyo haina gharama, na nusu ya mabadiliko mnayoyatafuta iko hapo. Kisha chukueni kazi moja mwimalize kabla ya kugusa nyingine. Ukuta mmoja ulioisha unapendeza kuliko minne iliyoanzwa. Na fundi akikwambia rangi itaziba unyevu, mshukuru, msindikize langoni, tafuta mwingine. Usimlipe yote kabla mvua moja haijapita juu ya kazi yake. Mwenye kuiamini kazi yake atakubali.

Msingoje sifa za ndugu pia. Yule wetu amekuja tena mwaka huu, akakaa kibarazani, akaomba kitawi cha bogenvilia. Nilimkatia. Kuhusu nyumba hakusema kitu.

La mwisho ni la vyungu, maana msimu huu mtavijaza. Sahani za chini yake zimwage maji na kuzisugua kila wiki, si kumwaga tu. Mbu wa Aedes anayeeneza homa ya dengue hutaga hapo, mayai yake hung'ang'ania pembeni hata sahani ikikauka, na penye joto yai linaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Mimi sahani nimezijaza mchanga hadi ukingoni. Unashika unyevu kwa ajili ya mmea, na mbu hapati maji ya kutagia.