Hukumu ya ulevi na bima ya gari

Ndugu, umeuliza kama umwambie wakala wa bima kuhusu hukumu ya kuendesha ukiwa umelewa, au unyamaze kwa kuwa faini umeshalipa. Mwambie. Fomu ikiuliza makosa ya barabarani nawe ukaandika "hapana", kampuni ikigundua siku umegonga, inaweza kukataa kukulipa na kuifuta bima yenyewe. Gharama za uliyemgonga, matibabu yake pamoja, zinaweza kukuangukia wewe. Kaa na karatasi ya mahakama mkononi, nakili tarehe ya kosa na ya hukumu kama zilivyo, maana watu wengi huzichanganya.

Bei itapanda, tena sana, na wapo watakaokukatalia kabisa. Usivunjike moyo kwa jibu la kwanza: kampuni hazipimi hatari kwa mizani moja, na wapo madalali wa bima wanaoshughulika na madereva wenye makosa. Kadiri miaka inavyopita bila kosa jingine, uzito wa hukumu hupungua. Kwa hiyo kila bima inapokaribia kuisha, usilipie tu ileile, omba bei kwa wengine pia.