Mafia mwezi Julai: matumbawe yapo, potwe bado

Umeuliza kama Julai ni mwezi mzuri wa kwenda kisiwa cha Mafia kuona matumbawe na papa potwe, ilhali huna cheti cha uzamiaji. Potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, upande wa mji wa Kilindoni, na kwa kuwa hula karibu na uso wa maji, miwani, mrija na mapezi ya miguuni vinatosha kabisa. Julai kusi huvuma kwa nguvu, hivyo wazamiaji hubaki ndani ya Ghuba ya Chole, katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ambako utaona vizuri ukiingia wakati maji yanajaa, kwani maji yanapotoka, hasa siku za bamvua, mkondo huwa mkali na mchanga huyachafua. (Binafsi nisingeahirisha safari kwa ajili ya potwe.) Ukichoka usisimame juu ya matumbawe, elea chali, pumua, kisha umwite nahodha. Na siku ukizamia kwa mtungi, acha saa 18 zipite kabla ya kupanda ndege ya kurudi Dar es Salaam.