Nilimsahau Mama kwenye Fomu ya Udhamini

Mume wangu ametua Minneapolis Ijumaa iliyopita, na tangu nitangaze hapa mnaniuliza swali moja: "Dada, mshahara wako ulitosha vipi kumdhamini?" Haukutosha.

Mimi ni raia wa Marekani, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na fomu yangu ya kodi ilionyesha kipato cha dola 36,000 kwa mwaka. Fomu I-864, ile ya kuahidi kumtunza jamaa anayehamia Marekani, humtaka mdhamini awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini ambacho serikali hukitangaza kila mwaka. Nikahesabu: mimi, mwanangu, mume wangu. Kwa watu watatu, viwango vya 2025 vilitaka dola 33,312. Nikalala fofofo. Siku ya usaili wa viza Nairobi, mume wangu akatoka na karatasi: udhamini hautoshi.

Nilikuwa nimemsahau mama! Nilimdhamini 2022, anaishi kwa kaka yangu, nami sikumhesabu. Kumbe sahihi yangu ya zamani bado inanifunga hadi mama apate uraia, au atimize robo mwaka 40 za kazi, au ahame Marekani kabisa, au afariki. Watu wanne ni dola 40,187. Na zile pesa zangu za kusuka nywele wikendi? Sikuzitangaza kwenye kodi, hazikunisaidia kitu.

Nikamwendea binamu yangu, niliyemlaza sebuleni kwangu miezi saba alipofika nchini. Akasema hawezi kujitia kitanzi. Woga wake nauelewa, lakini neno hilo bado linaniuma.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa kanisani, hatuna hata ukoo. Sheria haidai undugu. Inatosha mdhamini mwenza awe raia au mkaazi wa kudumu, ametimiza miaka 18, anaishi Marekani, na kipato chake peke yake kiwatoshe watu wake pamoja na mgeni wako. Chako hakijazii chake, na fomu yako bado utaijaza.

Ndugu zangu, tuache kuomba sahihi hizi kwa haraka, kama tunaomba chumvi. Hilo ni deni, na hata talaka hailifuti. Msomee mdhamini wako kila ukurasa. Mimi nilimsomea yule mama mezani kwake, akaomba siku mbili za kuomba Mungu. Siku ya tatu alinipigia alfajiri, akaniambia nije na kalamu.