Mnaanzisha klabu ya bao? Andikeni sheria kabla hamjagusa kete

Wakuu habari za saa hizi, na kwa wa Tabora wenzangu, mwangaluka. Naulizwa sana na vijana wa Ipuli na Isevya wanaotaka kuanzisha klabu ya bao ya ndani, yaani chumba kabisa chenye taa na viti, sio kijiwe cha chini ya mwembe ambacho mvua zikianza Novemba kila mtu anajifungia kwake mpaka Aprili huko. Sisi huku Ng'ambo tunayo, tumekodi chumba nyuma ya duka, na jibu langu kwa wote ni lilelile: bao mtapata, kete mtapata, watu ndo usiseme, ila kitakachowasambaratisha ni sheria ambazo kila mtu anazo kichwani kwake na hakuna aliyeziandika.

Maana bao la kiswahili kila mtu analo la kwao. Mmoja kafundishwa Ujiji, mwingine Tanga kwa babu yake, mwingine alikaa Unguja akarudi nalo, na wote wanajua vizuri. Mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na kete 6 kwenye nyumba, lile shimo lake maalumu la mstari wa mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwa hiyo nyumba, 22 zinabaki mkononi, hapo hakuna anayebisha. Kasheshe inakuja mbele ya safari, tena inakuja bao likiwa tamu, watu wamesimama wamezunguka meza, ndo mmoja anasema kwetu hatuchezi hivyo na mwenzake anasema wewe unaleta ya kwenu. Hapo tena hakuna wa kuamua kwa sababu wote wanasema kweli.

Kwa hiyo nunueni daftari kubwa la kava gumu, kaeni siku moja bila kucheza, muandike. Nitawapa zile sehemu ambazo kwetu zimeleta maneno zaidi, nyingine mtajazia wenyewe.

Ya kwanza nyumba. Sisi tumeandika hivi: mkiwa bado mnanamua, yaani mnaingiza zile kete za mkononi moja moja, umeanza kwa kula kete za mwenzako, kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako na mbele yake hakuna cha kula, una hiari, ulale hapo zamu yako iishe, au usafiri, yaani uzoe kete zote za nyumba uendelee kuzungusha. Kama ulikuwa unatakata, yaani unazungusha kete bila kula, basi nyumba inakusimamisha, huna hiari yoyote. Na nyumba ni nyumba ikiwa na kete 6 kwenda juu, ikishasafiri au ikishaliwa imekwisha, hata baadaye ijae kete kumi ni shimo kama mashimo mengine. Halafu tukaongeza la kwetu, kwamba lazima useme kwa sauti, "nalala" au "nasafiri", halafu ndo mkono utoke. Hili la kusema msilidharau kabisa, kwa sababu kuna wachezaji wanasimamisha mkono juu ya nyumba wanasikilizia, wanaangalia sura ya mwenzao, wakiona ametabasamu wanazoa kete wanaendelea. Kwetu ukishatamka umetamka.

Ya pili kutakasia, na hii naomba muiandike pole pole maana nimeona watu wazima wananuniana wiki nzima kwa ajili yake. Mkishaingia mtaji, yaani kete za mkononi zimekwisha, mi sina cha kula nikatakata, nikamaliza nikiwa nimekaa vizuri kiasi kwamba na wewe huna cha kula, na kuna shimo lako moja tu ambalo zamu ijayo naweza kulila, basi shimo hilo nimelitakasia, huruhusiwi kuanzia hapo, tafuta pengine pa kucheza. Lakini halitakasiwi kama ndo nyumba yako bado hai, au ndo shimo pekee lenye kete kwenye mstari wako wa mbele, au ndo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja. Wageni wengi wanajua ile nusu ya kwanza tu, hizi za "isipokuwa" hawazijui, wanajikuta wamemfungia mtu bao lote wanadai wameshinda. Kwetu aliyetakasia ndo anapaswa kutangaza na kuonyesha shimo kwa kidole, asipotangaza na mwenzake akacheza hapo, imepita, hakuna kurudi nyuma.

Ya tatu fupi: shimo lenye kete 16 au zaidi halianzi kula kwenye mtaji, mwisho 15. Sasa 15 na 16 kwa macho nani anajua? Ndo maana tukaruhusu kuhesabu, ila unasema "nahesabu" kwanza ndo unashika kete za shimo LAKO, unahesabu, unarudisha. Ukishika bila kusema, sisi tunachukulia umeshacheza hilo shimo. Za mwenzako huzigusi kamwe, ukitaka kujua idadi yake kaza macho.

Sasa niwaambie kitu ambacho naona ndo moyo wa sheria zote za bao, nacho ni mkono. Kwenye drafti mtu akikosea unarudisha kete pale ilipotoka, mmemaliza, mnaendelea. Kwenye bao huwezi. Mtu amezoa kete tisa, amezungusha, amekula, amezungusha tena, amekula tena, ukimwambia mwishoni kwamba kule mwanzo alidondosha mbili kwenye shimo moja hakuna binadamu anayeweza kulirudisha bao lilivyokuwa. Kosa la kete moja linabadilisha pa kulala, na pa kulala ndo panaamua mchezo wote. Kwa hiyo kosa la mkono lazima lishikwe palepale, na lazima muwe na njia ya kulishika isiyovunja heshima, maana meza moja mnakaa bwana mdogo wa miaka kumi na nane na mzee wa rika la babu yake, na huyu kijana hawezi kumwambia mzee "umeniibia", hata kama kaona kwa macho yake mawili.

Sisi tumekubaliana neno moja tu, "kituo". Kijana anasema "kituo, mzee wangu", basi. Mzee anasimamisha mkono hapohapo ulipo na anafungua kiganja kete zilizobaki zionekane. Mwamuzi anaangalia: alibeba tisa, kiganjani zimebaki nne, basi ni mashimo matano yaliyopata, moja moja. Kama zimepungua au kuna shimo limerukwa inaonekana wazi, inasawazishwa, mkono unaendelea, na hakuna aliyemwita mwenzake mwizi. Mzee akisema "kituo" kwa kijana ni vilevile, hakuna mkubwa wala mdogo hapo. Ili hili liwezekane kuna mambo lazima yaandikwe pamoja nalo: mkono mmoja tu unacheza, kete zinadondoshwa moja moja sio kumwagwa, na zile 22 za kunamua zinakaa kwenye lile shimo kubwa la pembeni ya bao au kwenye bakuli mezani, haziwekwi kwenye mapaja wala kwenye mfuko wa koti. Wale wanaocheza kwa mbwembwe, mkono unapita kama upepo, tunawapenda, watu wanakuja kuwaangalia wao, lakini siku za ligi tunawaambia punguza spidi kaka, mwenzako ana haki ya kuona.

Na kabla ya bao kuanza, kila mmoja ahesabu zake 32. Dakika moja tu hiyo. Kete zetu ni komwe, zile za kijivu ngumu zinazoteleza vizuri mkononi, huku kwetu Tabora huziokoti, mtu akienda pwani tunamwagiza anakuja nazo na treni, na watoto wanazipenda balaa kuchezea. Ikipotea moja tunatafuta komwe nyingine ya akiba, hatujazii na jiwe, kwa sababu jiwe linajulikana ukilishika na mtu anaweza kulifuatilia linaenda wapi. Kwa hiyo agizeni za ziada tangu mwanzo. Bao lenyewe halina shida, mninga tunao na mafundi tunao, mwambie tu fundi achonge mashimo ya kina sawa na ayapige msasa vizuri ndani, shimo lenye makovu linashika kete na ukizoa kwa haraka unaacha moja nyuma bila kujua.

Watazamaji. Aisee hapa ndo penye kazi. Kijiweni mtazamaji ni mchezaji wa tatu, anakohoa, anaguna, anasema "mh, na lile je?", na mchezaji anastuka anaona alichokuwa hajakiona. Kijiweni sawa, ni burudani, na mi mwenyewe sitaki kijiwe kinyamaze. Klabu ni kitu kingine, maana umeweka ligi, mtu ametoka Ipuli na baiskeli kuja kucheza mechi yake, anafungwa na mtu mmoja au na watu sita? Kwetu mtazamaji akitaja shimo, akionyesha kwa kidole, au hata akihesabu kwa sauti, anakosa zamu yake ya kucheza siku hiyo, na akirudia anatoka nje anaangalia dirishani. Watu walikasirika sana mwanzoni. Tulichofanya tukatenga jioni moja ya wiki ambayo ni ruksa kuongea, meza ni ya wote, bishaneni mtakavyo, fundisheni, na siku hiyo ndo wanafunzi wanajifunzia, wale wapya kabisa tunawaanzishia bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo bila za mkononi, mpaka mkono uzoee. Toka tumeweka hiyo jioni, siku za ligi chumba kimetulia bila mtu kukaripiwa. Nawasihi sana mfanye hivyo, ukiwaziba watu midomo siku zote watarudi kwenye mwembe wao na utabaki na chumba na kodi.

Majigambo kati ya wachezaji wawili tumeruhusu. Bao bila tambo halinogi, mwambie mwenzako leo utalala na njaa, mwambie nyumba yake inavuja, poa kabisa. Tusi hapana, mzazi wa mtu hapana, kabila nje ya utani wa kawaida hapana. Aliyetukana bao lake limekwisha hata kama alikuwa anashinda.

Kuna ishu ya muda, sisi tunatumia saa ya simu kwa mechi za ligi tu, mwamuzi akiona mtu amekaa anatazama shimo mpaka chai imepoa anaanza kuhesabia dakika mbili. Siku za kawaida hatuhesabiani. Aliyefungwa anampisha anayefuata kwenye foleni, na aliyeshinda mara tatu mfululizo naye anasimama, kwa sababu bila hivyo mnakuwa na mabingwa wawili wanaokaa toka alasiri mpaka usiku na wengine wote mnakuwa wateja wa kahawa.

Azana ikiadhiniwa au umeme ukikatika bao linasimama, na hapa simu imetusaidia sana, mwamuzi anapiga picha bao kutoka juu, kete za mkononi zikiwa zimemwagwa pembeni zionekane na zenyewe, na anaandika zamu ni ya nani. Piga picha mbili. Mkirudi kuna ubishi mnafungua picha mnahesabu shimo kwa shimo. Zamani mtu alikuwa anabaki kulinda bao anakosa swala ya jamaa, siku hizi hakuna haja.

Hela hatuchezei. Hili tumeliandika ukurasa wa kwanza kabisa na hatulijadili, kwanza kuchezesha kamari bila leseni ni kosa kisheria, na pili ukishaweka hela mezani ile "kituo, mzee wangu" haifanyi kazi tena, inakuwa ugomvi. Mchango ni wa kodi, taa na kahawa, unaandikwa kwenye daftari lilelile na anayetaka kuona anafunuliwa anaona. Mwalimu Nyerere alikuwa anapenda bao mpaka uzeeni kule Butiama na huwa nawaambia vijana wanaoona bila hela hakuna utamu, kwamba mtu aliyeongoza nchi alikaa chini akacheza kwa raha ya kuwaza tu.

Akina mama na wasichana waandikeni kama wanachama kamili, msiseme tu "wanakaribishwa". Kwetu tuliandika wazi na saa zao tukaziweka mapema ili mtu asirudi na giza, na sasa tunao wanaowatoa watu jasho kwenye mtaji.

La mwisho ni namna ya kubadilisha sheria, maana mtataka kubadilisha tu. Kwetu hakuna sheria inayobadilishwa siku ya mchezo, hata kama wote waliopo wanakubali. Ubishi ukitokea ambao daftari halina jibu, wazee wawili wanaamua palepale kwa ajili ya bao hilo, uamuzi unaandikwa na tarehe na shimo lilivyokuwa, na mkutano unaofuata tunausoma tunaamua uwe sheria au usiwe. Daftari letu sasa hivi nusu yake ni hizo kesi, ukiwa na nafasi pita Ng'ambo jioni ulione unakili unachotaka, kalamu ipo na kahawa ipo.