Kukuza fuksia za maonyesho kutokana na vipandikizi

Anayetaka kupeleka fuksia kwenye maonyesho ya maua hapa Uingereza aanze na tarehe ya maonyesho yenyewe, kisha ahesabu kurudi nyuma. Kazi nyingine zote hufuata hesabu hiyo, kwa sababu mwamuzi hutaka mmea mduara uliojaa majani pande zote, na wenye maua yaliyofunguka pamoja siku ile ile.

Kwa vyungu vikubwa mimi huchukua vipandikizi mwezi Juni au Julai kwa ajili ya kiangazi cha mwaka unaofuata, na mimea hiyo huendelea kukua polepole wakati wote wa baridi ndani ya banda la kioo lisiloshuka chini ya nyuzi 7 za selsiasi. Kwa chungu kidogo cha sentimita 9, kipandikizi cha Februari au Machi kinatosha.

Uchaguzi wa kipandikizi ndio hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Geuza kwanza majani ya mmea mama, na ukiona unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, hiyo ni kutu, hivyo mmea huo usiukate. Tafuta ncha changa, laini, isiyo na vitumba vya maua, yenye jozi mbili au tatu za majani. Ukibahatika kupata ncha ambayo kila kifundo kina majani matatu badala ya mawili, ichukue upesi, kwa kuwa kila jani huficha chipukizi na mmea wa namna hiyo hujaa haraka, ingawa matawi yake huweza kurudia majani mawili mawili.

Kata kwa wembe mkali chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, kisha kichomeke kwenye mchanganyiko mwepesi wa mboji na mchanga mnene. Funika kwa plastiki angavu, weka kivulini penye nyuzi 15 hadi 18, na ufunue kila siku hewa ipite, la sivyo ukungu wa kijivu utakuozeshea kila kitu. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili au tatu, na dawa ya kuotesha mizizi kwa fuksia naiona haina lazima.

Baada ya hapo ni kukata ncha. Kila tawi likifikisha jozi mbili za majani, ondoa kile kichwa kidogo cha juu kwa kucha, nalo litagawanyika. Ukataji wa mwisho ndio unaoamua siku ya kuchanua: maua ya petali nne huhitaji takriban wiki 8, na yale yaliyosongamana petali, kama aina ya Swingtime, huhitaji karibu wiki 10. Maonyesho yakiwa tarehe 8 Agosti, kundi la kwanza hukatwa karibu tarehe 13 Juni na la pili mwishoni mwa Mei, ncha zote za mmea mmoja zikiondolewa siku moja. Kwa kuwa kiangazi cha baridi huchelewesha maua, ni busara kukata mimea michache siku kadhaa kabla ya mingine.

Zungusha chungu robo mzunguko kila baada ya siku moja au mbili, maana upande uliosahaulika mbali na mwanga hauponi tena kwa wakati. Mbolea yenye naitrojeni nyingi ni ya kipindi cha majani, na vitumba vikionekana hamia kwenye yenye potasiamu nyingi. Asili ya fuksia nyingi ni milima ya Amerika yenye ubaridi na unyevu, kwa hiyo jua kali la mchana lizuie kwa kitambaa cha kivuli.

Siku ya kuamkia maonyesho, mwagilia maji vizuri, ondoa kila ua lililochakaa pamoja na tunda lake, ondoa majani ya njano, na ufute chungu. Soma tena ratiba ya mashindano, kwani chungu kilichozidi kipimo humfanya mwamuzi aondoe mmea bila hata kuutazama, kisha panga vyungu ndani ya masanduku na uvikaze kwa magazeti visiyumbe garini.